Sanduku la Seremala: Historia Fupi ya Vyombo vya Kuungia na Kumalizia Mbao katika Pwani

Waswahili husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii humsuta mvivu asimamaye kandoni mwa shamba akilinganisha majembe hata mvua ikapita. Kwa mkulima ni maneno ya haki. Lakini mtu akiichukua methali hiyo akaingia nayo katika banda la seremala, yamkini itampoteza, maana useremala ni kazi ambayo uchaguzi wa chombo ni nusu ya ufundi. Katika makala haya nataka kuonyesha, kwa ushahidi wa historia ya pwani yetu na wa maneno ya lugha yetu, kwamba tangu zamani kiungo cha mbao ndicho kilichomchagulia fundi chombo chake, na ya kuwa mtu wa leo atakaye kuweka meza ya useremala nyumbani kwake hana kanuni bora kuliko hiyo.

Ushahidi wa kale kabisa watoka katika kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erythraea, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Mwandishi wake ataja mji wa biashara wa Rhapta katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kusema kwamba jina hilo limetokana na mashua zilizoshonwa. Kisha ahesabu bidhaa zilizoletwa huku: mikuki iliyofuliwa Muza, katika Arabuni ya kusini, makusudi kwa soko hili, na mashoka madogo, na visu, na maharazi, yaani vyuma vyembamba vya kutobolea, na vioo. Orodha hiyo ni fupi, lakini yatufunza jambo kubwa. Katika nchi ambayo mashua zake zilishonwa, chuma cha kukata na chuma cha kutoboa vilikuwa na wanunuzi.

Mashua za namna hiyo zilidumu miaka mingi sana. Mtepe wa visiwa vya Lamu, ambao ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, uliundwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, na ndani ya kingo za mbao zile vilipigwa vigingi vya mti ili ubao usiteleze juu ya mwenziwe. Tazama jinsi kiungo hicho kilivyotawala sanduku la fundi. Kwanza alihitaji tezo ya kuchongea ubao uufuate mviringo wa chombo. Pili alihitaji keekee ya kutobolea matundu kwa mamia. Kamusi ya Johnson iliyotolewa mwaka wa 1939 yaifafanua keekee kwa ukamilifu: chuma chake ni kijembe, mti unaokishika ni msukano, kishikio cha juu ni jivu, na kinachouzungusha msukano ni uta. Mkono mmoja hukandamiza jivu, wa pili huvuta uta mbele na nyuma, na kijembe hula mti. Chombo kimoja kuwa na majina manne ya sehemu zake si jambo la bure. Lugha haipotezi maneno juu ya kitu kisichotumika kila siku.

Nyumba za mawe zilileta kiungo cha namna nyingine. Mlango mkubwa wa Unguja au wa Lamu una miimo miwili ya kando na vizingiti, chini na juu, na katikati ya mbao zake mbili pana mfaa. Mbao hizo hazikuning'inizwa kwa bawaba. Ziligeuka juu ya ncha zake zenyewe, zilizoingia katika matundu chini na juu. Mzigo huo mzito haubebwi kwa kamba wala kwa gundi. Gundi ya kale, iliyopikwa kwa ngozi na mifupa, hulegea ikipata unyevu, na pwani hatuna upungufu wa unyevu. Kwa hiyo mwimo uliungwa na kizingiti kwa ulimi na tundu. Hapo keekee peke yake haitoshi, kwa kuwa tundu la ulimi lina pembe nne. Ndipo patasi, na juba ambayo ni patasi nene ya kuchimbia, zikachukua nafasi ya mbele katika sanduku. Kuchora nakshi juu ya miimo ni kazi iliyofuata, na ndiyo inayopigwa picha na wageni. Lakini kilichoufanya mlango usimame ni kile kiungo kisichoonekana.

Maneno nayo yashuhudia jinsi sanduku hili lilivyojaa kidogo kidogo. Msumeno ni neno letu wenyewe: ni msu, yaani kisu kikubwa, wenye meno. Randa, chombo cha kulainishia na kunyooshea ubao, ilikuja na jina lake kutoka Uajemi na Uhindi, na cherehe ya kunolea ina asili ya Kiajemi, na gundi ina asili ya Kihindi. Wareno walituachia parafujo. Mafundi wa Kutch na Gujarati walioishi Unguja katika karne ya 19 walizidisha mtindo wao wa mlango wenye miraba, na mlango huo huitwa wa Kigujarati hata leo. Hakuna aibu katika kuazima. Fundi wa pwani hakukataa randa kwa sababu ni ya kigeni, wala hakuitupa tezo kwa sababu randa imefika. Aliipa kila moja kazi yake: tezo kwa mti mbichi wenye kupinda, randa kwa ukingo unaotakiwa kukutana na mwenziwe pasipo mwanga kupita kati.

Sasa natuingie katika kumalizia, yaani kulainisha na kupaka. Hapa historia yatuwekea fundisho lenye uchungu. Msasa, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ulikuwa mti wenye majani makavu ya kukwaruza, na fundi aliyasugua majani hayo juu ya ubao mpaka ukawa laini. Karatasi ilipofika ilirithi jina la jani. Ama sandarusi, huo ni utomvu wa mti wa msandarusi, uliochimbwa ardhini katika Mrima, mahali ambapo miti yenyewe ilikwisha kufa zamani. Sandarusi ya Unguja ilihesabiwa kuwa ngumu kuliko zote, na kwa hiyo ilitafutwa sana na watengenezaji wa vanishi. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliinunua pamoja na pembe za ndovu na ngozi, na huku wakaleta nguo zile zilizoitwa marekani. Ng'ambo sandarusi iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikapakwa juu ya magari ya farasi na samani za matajiri. Nasi tukanunua vanishi kwa kopo. Aliyechimba hakupika, na asiyepika hakuweka bei.

Leo, kwa wasomaji wa Kenya hasa, sandarusi ni jina la mfuko wa plastiki, ule uliopigwa marufuku nchini humo mwaka 2017. Neno limebaki na maana yake imehama. Mwanafunzi akisoma habari za biashara ya sandarusi katika karne ya 19 aweza kustaajabu kwamba plastiki ilichimbwa Bagamoyo. Nayataja haya kwa sababu chombo kikipotea, jina lake halidumu sana baada yake. Na jina likipotea, mtu atakayetaka kujifunza upya hana pa kuanzia. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Mwimo uliooza mguu hauponi kwa parafujo na rangi. Unataka mtu ajuaye ulimi na tundu, mwenye patasi kali ya kuvichongea.

Basi mtu atakaye kuunga mbao nyumbani kwake achagueje? Kwanza aamue kiungo. Akitaka kuunga kiti au meza kwa ulimi na tundu, kanuni ya mafundi ni kwamba upana wa tundu uwe kama theluthi ya unene wa mti. Mti wa inchi moja na nusu huhitaji patasi ya nusu inchi. Hesabu hiyo ndogo imekwisha kumchagulia chombo, na haina haja ya seti ya patasi kumi na mbili. Aongeze guni, yaani kipimo cha pembe mraba, msumeno mfupi wenye meno madogo na mgongo wa chuma usiopinda, nyundo ya mti, ili mpini wa patasi usipasuke, randa moja, jiriwa ya kushikia, na kinoo. Kinoo kisiwe cha mwisho kununuliwa. Patasi butu husaga nyuzi za mti badala ya kuzikata, na ulimi ulioingia katika tundu lililosagwa hucheza.

Kwa kumalizia, aanze msasa wa nambari 80 kama ubao una alama za msumeno, aende 120, kisha 180 au 220, akisugua kufuata nyuzi za mti wala si kuzikata. Kisha apake mafuta au vanishi kwa tabaka nyembamba. Na ajue ya kwamba mpako hupunguza mwendo wa unyevu lakini hauuzuii kabisa. Ubao huvimba na kusinyaa katika upana wake, na kwa urefu ni kidogo mno. Kwa hiyo kiungo kisichouachia nafasi kitapasuka hata kikipakwa mara saba.

Kwa hakika methali niliyoanza nayo haikukosea. Ilisemwa kwa mtu anayechagua ili asilime. Fundi wa mtepe na fundi wa mlango walichagua pia, lakini walikwisha kujua kazi iliyokuwa mbele yao, na sanduku likabaki jepesi la kuchukuliwa begani. Urithi wao tutakaoweza kuushika ni huo wa kutanguliza kazi kabla ya chombo, pamoja na majina waliyotuachia. Keekee, jivu, msukano, juba na mfaa yakitamkwa tena na vijana wenye patasi mkononi, yatakuwa na maisha marefu kuliko yakihifadhiwa katika kamusi peke yake.