Kuhani alipojivika taji

Wako wanaodhani kwamba kwa Wayahudi wa kale mfalme na kuhani walikuwa mtu mmoja. Sivyo. Kiti cha enzi kilikuwa cha ukoo wa Daudi, wa kabila la Yuda. Madhabahu ilikuwa ya wana wa Haruni, wa kabila la Lawi. Biblia inasimulia kwamba Mfalme Uzia alipoingia Hekaluni kufukiza uvumba, makuhani walimzuia, naye akatoka na ukoma katika paji la uso.

Waliokuja kuuvunja mpaka huo hawakuwa maadui wa dini, bali mashujaa wake. Akina Makabayo, ukoo wa makuhani, waliasi baada ya Mfalme Antioko wa Nne wa Siria kulinajisi Hekalu mwaka 167 K.K. Miaka mitatu baadaye Yuda Makabayo alilitakasa. Hadi hapo, sifa zao wanazistahili. Lakini mwaka 152 K.K. ndugu yake, Yonathani, alipewa ukuhani mkuu na mgeni, Alexander Balas, aliyekuwa akigombea ufalme wa Siria na kutafuta wa kumuunga mkono. Mwaka 140 K.K. mkutano wa taifa ulimthibitisha ndugu yao Simoni kuwa kuhani mkuu, jemadari na kiongozi, mpaka atakapotokea nabii wa kuaminika. Sharti lenyewe, kama mnavyoona, halikuwa na tarehe.

Mwanahistoria Myahudi Josephus anasimulia kwamba Yohane Hyrcanus, mwana wa Simoni, aliwaalika Mafarisayo karamuni akawaomba wamkosoe akipotoka. Wote wakamsifu, isipokuwa mmoja, Eleazari, aliyemwambia aache ukuhani mkuu, atosheke na kutawala watu. Mwenyeji alikasirika, na mwishowe akavunja urafiki na Mafarisayo wote. Kumbe aliomba sifa, si ukweli!

Mwanawe Aristobulus alijivika taji mwaka 104 K.K. Aliyemrithi, Alexander Jannaeus, alikuwa amesimama madhabahuni siku ya Sikukuu ya Vibanda, tayari kutoa sadaka, umati ukaanza kumtupia malimau. Akawaachia askari. Josephus anataja waliouawa kuwa kama 6,000. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, na hatimaye wapinzani 800 wakasulubiwa Yerusalemu, wake na watoto wao wakichinjwa mbele ya macho yao, naye mfalme akiangalia huku anakunywa. Nani angemkemea? Nabii Nathani alimkemea Daudi, makuhani wakamtoa Uzia. Sasa kuhani mkuu, ambaye kazi yake ilikuwa kumzuia mfalme, alikuwa ndiye mfalme.

Alipokufa, mjane wake Salome Alexandra alitawala miaka tisa. Kwa kuwa mwanamke hakuweza kuwa kuhani, ukuhani ulikwenda kwa mwanawe, Hyrcanus wa Pili, na vyeo vikatengana tena, ingawa ndani ya nyumba ile ile. Malkia alipofariki, wanawe wawili wakapigana.

Mwaka 63 K.K. wote wawili walikwenda Damasko kumwomba jemadari wa Kirumi, Pompey, awaamue. Ukaja na ujumbe wa tatu, wa wananchi, ambao haukumtaka yeyote kati yao: desturi yetu, walisema, ni kuwatii makuhani wa Mungu wetu, na hawa wanataka kutufanya watumwa. Mwaka huo huo Pompey aliuteka Yerusalemu, akaingia hadi Patakatifu pa Patakatifu. Hyrcanus alimwachia ukuhani. Cheo cha ufalme alikifuta.