Sinema za Noeli na Njia ya Misri

Kila mwaka Noeli inapokaribia, watoto wa huku kwetu Burungu huuliza swali lile lile: "Mwaka huu tutaonyeshwa sinema gani?" Pakipatikana jenereta na shuka nyeupe ya kutundika ukutani, watu huketi chini wamejifunika mablanketi, maana usiku wa milima ya Masisi una baridi. Sisi watu wazima twaketi pamoja nao, na furaha yetu si ndogo kuliko yao. Lakini si vizuri kupokea tu kila picha inayoletwa mbele ya macho yetu. Basi tuangalie sinema za Noeli zilitoka wapi, na ni ipi yatufaa sisi.

Sinema yenyewe ilizaliwa katika siku za Noeli. Tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao katika chumba cha chini cha mkahawa ulioitwa Grand Café. Watu waliolipa kiingilio katika onyesho la kwanza walikuwa 33 tu. Je, tarehe 28 Desemba ni sikukuu gani? Ni sikukuu ya Watoto Mashahidi, wale waliouawa kwa amri ya Herode. Hatudhani kwamba ndugu hao waliichagua tarehe kwa sababu hiyo. Lakini sisi twaikumbuka, kwa kuwa maneno yetu ya leo yahusu watoto hao, na yule Mtoto mmoja aliyeokolewa usiku.

Haikupita miaka mingi, watengenezaji wa sinema wakaanza kuonyesha maisha ya Bwana wetu. Kati ya 1902 na 1905 kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitengeneza filamu ya maisha na mateso ya Yesu Kristu, na baadhi ya picha zake zilitiwa rangi. Mwaka 1912 Sidney Olcott alisafiri na wachezaji wake mpaka Misri na Palestina, akatengeneza filamu iitwayo From the Manger to the Cross, maana yake "kutoka horini hadi msalabani". Filamu hizo hazikuwa na sauti. Hata hivyo zote mbili hazikuishia horini. Zilimwonyesha Mtakatifu Yosefu akiwachukua Mtoto na Mama yake, akikimbilia Misri.

Na huku Kongo je? Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, sinema haikuwa ya watu wote. Sheria ya mwaka 1945 iliwakataza Wakongo kuingia katika maonyesho ya sinema, isipokuwa penye filamu zilizokubaliwa na kamati ya serikali. Ndiyo sababu watu wengi waliiona sinema mara ya kwanza katika uwanja wa misioni. Tena mapadri wenyewe walitengeneza filamu. Huko Luluabourg, Padri Albert Van Haelst aliwachekesha watu kwa filamu za Matamata na Pilipili. Na huku Kivu, mjini Bukavu, Padri De Vloo wa shirika la Mapadri Weupe aliongoza kazi iliyoitwa Africa Films.

Twashukuru kwa kazi hiyo, lakini tusifiche ukweli. Wengi wa wazungu wa siku zile walidhani kwamba mtu mzima Mwafrika aelewa sinema kama mtoto mdogo, na ya kuwa lazima apewe picha za polepole na mafundisho mepesi. Kumbe mbele ya hori hakuna wa kiti cha mbele na wa kiti cha nyuma. Wachungaji walifika kwanza, na hakuna aliyewauliza kama wataelewa.

Nchi za ng'ambo nazo zina filamu zao za Noeli. Huko Marekani, inayopendwa sana ni It's a Wonderful Life ya Frank Capra, iliyotoka mwaka 1946. Ni hadithi ya mtu mwema aliyekata tamaa usiku wa kuamkia Noeli, akaonyeshwa na malaika jinsi mji wake ungalikuwa kama yeye asingalizaliwa. Mwanzoni filamu hiyo haikurudisha gharama zake. Mwaka 1974 haki yake ya kisheria haikuandikishwa upya, basi vituo vya televisheni vikaanza kuionyesha bila malipo kila Noeli, mpaka ikawa kipenzi cha mamilioni ya watu. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani kubwa. Hiyo ya Capra imo, na ile ya zamani ya Pathé imo pia.

Katika vijiji vya Afrika, filamu iliyozunguka sana ni ile iitwayo Jesus, ya mwaka 1979. Imetiwa sauti katika lugha nyingi mno, na Kiswahili kimo. Ni furaha kubwa kwa bibi kizee kumsikia Bwana akisema lugha anayoifahamu. Lakini tuangalie jambo moja. Filamu hiyo yafuata Injili ya Mtakatifu Luka. Luka atuelezea malaika, wachungaji na hori. Habari za Herode na za kukimbilia Misri hakuziandika yeye, bali Mtakatifu Mateo. Kwa hiyo atazamaye filamu hiyo peke yake aweza kudhani kwamba baada ya wachungaji kuondoka, nyumba ya Yosefu ilikaa kwa amani.

Aliyemfuata Mateo ni Mwitalia Pier Paolo Pasolini, katika filamu yake ya mwaka 1964. Pasolini hakuwa mtu wa kuamini, lakini aliitoa filamu hiyo kwa kumkumbuka Papa Yohane wa 23. Aliwachukua watu wa kawaida wawe wachezaji, na mama yake mwenyewe akamweka kuwa Bikira Maria katika uzee. Ndani yake mwaonekana askari wa Herode, na Yosefu akishika njia. Na mwaisikia sauti gani? Ni Utukufu wa Missa Luba, ulioimbwa na wavulana na waalimu wa Kamina, Katanga, waliofundishwa na Padri Guido Haazen, Mfransisko! Sauti za Kongo zilitangulia kufika katika filamu ya Injili, kabla macho yetu hayajaiona.

Mwaka 2006 ikatoka The Nativity Story. Ilionyeshwa Vatikano tarehe 26 Novemba mwaka huo, kabla ya kutolewa kwa watu wote. Mwisho wake si hori wala nyota. Mwisho wake ni familia moja njiani, na mzigo mdogo, ikielekea nchi ya kigeni.

Ndugu zetu, sisi wa Burungu njia hiyo twaijua. Mwezi wa Januari 2023, mapigano yalipofika Kitshanga, familia nyingi za pande hizi zilishika njia na magodoro vichwani na watoto migongoni. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuchagua siku wala saa. Mama aliyelala porini na mtoto mchanga hahitaji kuelezwa maana ya maneno "ondoka usiku". Ayatazamapo shukani, asema kimya: huyu ni mimi.

Basi, kama twaulizwa ni sinema ipi tupende wakati wa Noeli, jibu letu ni hili: tusiikatae ile ya kuchekesha, wala ile yenye nyimbo na mishumaa. Lakini angalau usiku mmoja tuwaonyeshe watoto wetu ile inayofika mpaka njia ya Misri. Wapate kujua kwamba Mwana wa Mungu hakuzaliwa tu katika umaskini wetu, bali alikimbia pamoja nasi. Tena Mateo asema kwamba Herode alikufa, na Yosefu akaambiwa arudi. Safari ile ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa nyumbani Nazareti.

Noeli njema kwenu nyote, mlio nyumbani, na ninyi mlio bado njiani.