Runinga yenye huduma ya vipindi ndani yake: Mambo ya kupima kabla ya kununua

BONASI ya majanichai inapolipwa, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, maduka ya vifaa vya stima katika miji ya Nyeri, Othaya na Karatina hupata wateja ambao miezi mingine hupita nje wakitazama tu.

Runinga ni miongoni mwa bidhaa zinazoulizwa sana. Na siku hizi runinga haiuzwi peke yake. Huuzwa pamoja na ahadi ya filamu, mechi na tamthilia zinazofika nyumbani kupitia intaneti, huduma yenyewe ikiwa imewekwa ndani ya kifaa tangu kiwandani na kupewa kitufe chake kwenye rimoti.

Tatizo liko kwenye hesabu. Bonasi huja mara moja kwa mwaka, ilhali ada ya huduma hudaiwa kila mwezi. Familia inayopima runinga kwa bei ya siku ya ununuzi pekee huenda ikajikuta, ifikapo Machi, ikiwa na kioo kikubwa ukutani kisicho na cha kuonyesha.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza ukubwa wa kioo au ung'avu wa picha, mnunuzi hana budi kuuliza swali moja: siku ada itakapokosa kulipwa, runinga hii itaonyesha nini?

Aina tatu za runinga

Jibu hutegemea aina ya runinga, na ni muhimu kutofautisha tatu.

Ya kwanza ni runinga ya kuunganishwa na intaneti, maarufu kama runinga janja, iliyowekewa programu za huduma kama Netflix na YouTube. Wakati mwingine huja na miezi michache ya kutazama bila malipo. Miezi hiyo ikiisha na mteja asipolipa, huduma ya kulipia hufungwa lakini kifaa hubaki chake na huendelea kutumika kwa mambo mengine.

Ya pili ni runinga yenye king'amuzi cha kampuni ya matangazo ya kulipia ndani yake. StarTimes, iliyoanza kutoa huduma nchini Kenya mwaka 2012, ni miongoni mwa kampuni zilizouza runinga za namna hii. Faida yake ni kwamba hakuna kisanduku cha pembeni wala waya za ziada. Hasara ni kuwa anayetaka kuhamia kampuni nyingine atalazimika kununua king'amuzi kingine, na kile cha ndani kitakaa bure.

Ya tatu ni runinga inayouzwa kwa awamu chini ya mkataba. Nchini Uingereza, kampuni ya Sky ilizindua Sky Glass mwaka 2021, runinga inayopokea vipindi kwa intaneti bila dishi, ambayo mteja anaweza kuilipia kwa awamu za kila mwezi huku akilipa pia ada ya vipindi.

Kenya ilikuwa imeonja mkataba wa aina hiyo mapema zaidi, ingawa si kwa intaneti. Kampuni ya M-KOPA ya jijini Nairobi ilianza kuuza runinga za kawi ya jua kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu mwaka 2016. Malipo yakikatika, mtambo ulizimwa kutoka mbali hadi mteja alipe tena.

Kioo hudumu kuliko huduma

Runinga iliyotunzwa vyema yaweza kudumu miaka kumi. Huduma iliyo ndani yake haina hakikisho hilo.

Mnamo Aprili 2015, programu ya YouTube iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga zilizoundwa mwaka 2012 au kabla. Desemba 2019, Netflix ikaacha kupatikana kwenye baadhi ya runinga za Samsung za miaka ya 2010 na 2011. Vioo vilikuwa vizima. Kilichopitwa na wakati ni programu.

Ofa nazo huja na kuondoka. Septemba 2021, Netflix iliwapa Wakenya wenye simu za Android mpango wa kutazama bila malipo. Mpango huo ulifikia kikomo Novemba 2023. Anayechagua runinga kwa sababu ya ofa moja ananunua kitu cha miaka kumi kwa sababu ya jambo linaloweza kudumu miezi michache tu.

Wakenya wanaikumbuka pia Februari 2015. Katika mvutano kuhusu kuhamia matangazo ya dijitali, stesheni za Citizen, NTV, KTN na QTV zilitoweka hewani kuanzia Februari 14 hadi Machi 5. Hakuna runinga iliyokuwa imeharibika. Lililoonekana wazi ni kwamba kifaa ni cha mwenye nyumba, lakini kinachoonekana ndani yake kimo mikononi mwa wengine.

Intaneti ndiyo gharama kubwa

Wengi huhesabu ada ya huduma na kusahau intaneti inayoibeba.

Kwa vipimo vya Netflix, saa moja ya picha za ubora wa kawaida hutumia hadi gigabaiti 1, za ubora wa juu hadi gigabaiti 3, na za ubora wa 4K hadi gigabaiti 7. Familia inayotazama saa mbili kila jioni kwa ubora wa juu yaweza kutumia gigabaiti 180 kwa mwezi. Kiasi hicho hakibebeki kwa vifurushi vidogo vya simu vinavyonunuliwa kila siku.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika miji ya Mlima Kenya. Katikati ya Nyeri, Nanyuki au Meru, mkazi aweza kupata intaneti ya waya yenye ada isiyobadilika kila mwezi. Lakini katika vijiji vilivyo kwenye matuta na mabonde ya Tetu, Mukurwe-ini na Mathira, huenda waya haujafika, na kilima kimoja chatosha kuzuia mawimbi ya simu. Huduma ya setilaiti ya Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, imefungua njia nyingine, ila nayo huhitaji kununuliwa au kukodiwa kwa vifaa vyake na kulipiwa kila mwezi.

Chukua mfano wa nyumba inayolipa Sh1,000 kwa huduma ya vipindi na Sh3,000 kwa intaneti. Hizo ni Sh4,000 kwa mwezi, Sh48,000 kwa mwaka na Sh240,000 kwa miaka mitano. Runinga iliyonunuliwa kwa Sh30,000 itakuwa sehemu ndogo tu ya gharama hiyo. Nyumba ambayo tayari inalipia intaneti kwa ajili ya masomo au kazi itaongeza ada ya vipindi pekee. Kwa nyumba kama hiyo, huduma ya ndani ya runinga yaweza kuwa na maana.

Antena ingali na kazi

Vipo vipindi visivyodai ada wala intaneti. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2. Runinga yenye kipokezi cha DVB-T2 ndani yake hunasa stesheni za bure kwa antena pekee, mradi mawimbi yafike.

Kwa nyumba nyingi za eneo hili, stesheni hizo ndizo zinazotazamwa zaidi, zikiwemo za lugha ya Gikuyu kama Inooro TV, iliyoanza mwaka 2015. Mnunuzi ahakikishe kipokezi hicho kimo, na ikiwezekana runinga ijaribiwe kwa antena dukani kabla ya kulipiwa.

Ajaribu pia huduma yenyewe. Baadhi ya runinga za bei ya chini hutumia mfumo wa Android bila idhini ya kampuni za vipindi. Nembo ya huduma huonekana kwenye kioo, lakini programu hukataa kufunguka au hutoa picha hafifu. Dakika tano za majaribio hapo dukani huepusha safari ya kurudi kulalamika.

Mkataba na siri za nyumbani

Anayenunua kwa awamu asome mkataba hadi mwisho. Chini ya Sheria ya Hire Purchase ya mwaka 1968, inayohusu mauzo ambapo mali hubaki ya muuzaji hadi awamu ya mwisho ilipwe, mteja aliyelipa theluthi mbili ya bei hawezi kunyang'anywa mali hiyo bila muuzaji kwenda kortini. Kwa runinga ya Sh36,000, kiwango hicho ni Sh24,000. Hata hivyo, si kila mkataba wa awamu uko chini ya sheria hiyo. Mingine ni mikopo ya kawaida. Ni vyema kuuliza mapema.

Runinga iliyounganishwa na intaneti pia yaweza kumtazama anayeitazama. Februari 2017, kampuni ya Vizio nchini Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi iliyodai kuwa runinga zake zilikusanya habari za vipindi vinavyotazamwa bila idhini ya wenyewe. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwananchi haki ya kujua jinsi habari zake zinavyotumiwa. Kwenye mipangilio ya runinga nyingi, ukusanyaji huo waweza kuzimwa.

Uamuzi

Kwa jumla, runinga ya kawaida ya kuunganishwa na intaneti, yenye kipokezi cha DVB-T2 na matundu ya HDMI ya kutosha, ndiyo salama zaidi kwa familia ambayo mapato yake hupanda na kushuka. Programu zake zikizeeka, kifaa kidogo cha kuchomekwa kwenye HDMI chaweza kuleta nyingine bila kubadilisha kioo. Ada ikikosekana, antena itaendelea kuleta habari za saa moja.

Runinga iliyofungwa kwa huduma moja humfaa mwenye mapato ya kila mwezi, intaneti ya kutegemewa na uhakika kwamba huduma hiyo ndiyo aitakayo hadi mwisho wa mkataba. Wengine wanunue kioo kwanza, kisha huduma iongezwe mwezi ambao fedha zipo.