Mhunzi, Mti na Ngoma ya Djembe

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii hutumika aghalabu kumsema mtu aipendeleaye nafsi yake. Lakini ikichukuliwa kwa maana yake ya dhahiri, yakumbusha ya kuwa nyuma ya kila sauti isikikayo uwanjani yupo aliyeangusha mti, yupo aliyeuchonga, na yupo aliyevuta ngozi. Waandikao juu ya ngoma wamezoea kuwasifu wapigaji na kuwasahau watu hao. Djembe, ngoma ya mkono iliyotoka Afrika ya Magharibi ikaenea duniani katika karne ya 20, ni mfano mzuri wa usahaulifu huo na wa hasara yake.

Djembe huchongwa kwa kipande kimoja cha gogo. Umbo lake ni kama kinu: juu bakuli pana, katikati kiuno chembamba, chini mguu ulio wazi. Kimo chake ni kadiri ya sentimita 60, na uso wake, uliowambwa ngozi ya mbuzi, una upana wa sentimita 30 hadi 38. Jina lake likitamkwa karibu lafanana na lile la jembe la kulimia. Maneno hayo mawili hayana udugu; hata hivyo kwao vitu vyenyewe, djembe na jembe, hutoka katika mkono mmoja, mkono wa mhunzi.

Asili ya ngoma hii ni miongoni mwa Wamande wa bonde la juu la mto Niger, katika nchi ziitwazo leo Mali na Guinea. Wako wapendao kuuthibitisha ukale wake kwa maandiko ya Ibn Battuta. Msafiri huyo, ambaye mwaka 1331 alikuwa amefika Mombasa na Kilwa, alikaa Mali katika miaka ya 1352 na 1353, enzi ya Mansa Sulayman, akaandika ya kuwa ngoma na pembe zilipigwa mfalme alipokuja kuketi barazani. Lakini djembe hakuitaja. Ngoma za mfalme ni jambo moja, na ngoma ya kijiji ni jambo jingine. Ushahidi wa djembe hautafutwi barazani; yapasa utafutwe penye tanuri.

Wamande huwaita wahunzi wao numu. Ni watu wa ukoo, na kazi yao hurithiwa: wanaume hufua chuma na kuchonga mbao, wake zao hufinyanga vyungu. Kwa nini kazi ya chuma na kazi ya mti ziwe katika nyumba moja? Mhunzi ndiye afuaye shoka na tezo, tena hawezi kuyeyusha wala kufua pasipo makaa. Kwa kutafuta mti utoao makaa makali hujifunza ni upi mgumu, upi hupasuka upesi, na upi hudumu. Elimu ya mchonga ngoma, basi, ni tawi la elimu ya mchoma makaa. Upigaji wa djembe, kinyume chake, haukufungiwa ukoo wowote, wala haukuwa mali ya majeli, wale malenga wa kurithi. Yeyote mwenye kipaji aliweza kuwa mpigaji. Ngoma ilikuwa ya wote, lakini mti wake ulikuwa na mlinzi.

Miti iliyopendwa ni michache. Wa kwanza ni lenge, yaani Afzelia africana, mzito na mgumu. Wa pili ni jala, Khaya senegalensis, ambao gome lake ni dawa ya homa na majani yake hulisha ng'ombe wakati wa kiangazi. Wa tatu ni dugura, Cordyla pinnata, wenye matunda ya kuliwa. Tena kuna gueni, Pterocarpus erinaceus. Msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki asidhani miti hii ni migeni kabisa: lenge ni ndugu wa mbambakofi, jala ni ndugu wa mkangazi, na gueni ni ndugu wa mninga. Ugumu wake ndio uipao djembe sauti kali ikatayo juu ya ngoma nyingine, maana mti mgumu haumezi mtetemo wa ngozi. Lakini ni miti ikuayo polepole, na kila mmoja una wengine wanaoutegemea: mgonjwa, mchungaji, na mtoto aokotaye matunda.

Utunzaji wa ngoma nao ni kazi yenye kanuni. Gogo huchongwa likingali bichi, maana hapo tezo hupita kwa wepesi. Kisha huachwa likauke taratibu kivulini. Likikaushwa kwa pupa hupasuka. Mti hupakwa mafuta ya kokwa za shea ili usinyauke. Ngozi hulowekwa majini, huwambwa ikiwa mbichi, hunyolewa nywele, na kuachwa ikauke kabla ya kukazwa tena. Zamani ilifungwa kwa kanda za ngozi, na kila kabla ya mchezo ilipashwa moto ili ikaze. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 zilikuja pete za chuma na kamba za nailoni, na mwenye ngoma akaweza kuikaza kwa kusuka mafundo, asihitaji moto wala mhunzi.

Mabadiliko hayo yalikwenda pamoja na safari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Fodéba Keïta wa Guinea aliunda mjini Paris kundi la Les Ballets Africains; na nchi yake ilipopata uhuru tarehe 2 Oktoba 1958, kundi hilo likawa la taifa. Wapigaji kama Ladji Camara, aliyehamia Marekani, na baadaye Mamady Keïta, aliyefariki mwaka 2021, waliifundisha djembe kwa wageni. Wanafunzi walizaa soko, na soko likadai magogo. Mhunzi aliyekuwa akichonga ngoma kwa haja ya kijiji akajiona sasa achonga kwa haja ya ulimwengu, na wasio wahunzi wakajiunga naye kwa ajili ya riziki.

Si haki kuitwika ngoma lawama yote. Mbao, makaa na mashamba vimekula miti mingi kuliko ngoma. Lakini msitu hauulizi umekatwa kwa sababu gani. Mwezi wa Novemba mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, mataifa ya mkataba wa CITES yaliitia jamii za Afzelia, Khaya na Pterocarpus za Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi husimamiwa. Hivyo lenge na jala, pamoja na mbambakofi, mkangazi na mninga, ziliingia chini ya sheria moja na gueni.

Sheria yaweza kuzuia gogo bandarini. Haiwezi kumfundisha mtu kutunza. Ngozi hufa, mti hubaki: gogo lililochongwa vema na kupakwa mafuta huvaa ngozi nyingi, moja baada ya nyingine, na kuwazika wapigaji wake. Aiwambaye upya ngoma kuukuu, badala ya kununua mpya, ameacha mti mmoja umesimama. Hilo wahunzi wa Kimande walilijua zamani, kwa kuwa mti walioukata asubuhi ndio waliokosa kivuli chake jioni. Mnunuzi wa mbali hakioni kivuli hicho. Naye pia ni mwamba ngoma, na ngozi aivutia kwake.