Umeme Uliopita Juu ya Vichwa Vyetu: Historia ya Uchumi wa Kijani katika Lualaba



Mwaka 2021 nchi yetu iliyaahidi mataifa kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza kwa asilimia 21 hewa chafu inayoipasha dunia joto. Ahadi ya kwanza, ile ya 2015, ilikuwa asilimia 17. Katika hizo 21, asilimia 2 tutazibeba wenyewe. Asilimia 19 zinangoja msaada wa nje. Novemba ya mwaka huohuo wa 2021, huko Glasgow, Kongo iliahidiwa dola milioni 500 za kulinda misitu yake kwa miaka mitano ya kwanza ya makubaliano ya miaka kumi. Tangu hapo viongozi wetu hupenda kuiita Kongo nchi-suluhisho: ina misitu, ina maporomoko ya Inga, ina kobalti. Nasi watu wa Kolwezi tumewekwa katikati ya sifa hiyo, maana takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na karibu yote hutoka katika ukanda wetu wa shaba.

Mtu akisikia maneno haya aweza kudhani kwamba uchumi wa kijani ni mgeni aliyefika juzi. Sivyo. Shaba ya Katanga ilianza kutengenezwa kwa nguvu ya maji kabla babu zetu wengi hawajaoa. Basi tunayo karibu karne nzima ya historia ya kupima nayo ahadi za leo, na itakuwa uvivu tusipoitumia.

Turudi nyuma. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Tanuru hilo lilikula koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, yaliyoletwa kwa treni kutoka Wankie katika Rhodesia ya Kusini. Makaa hayo yalikuwa ghali, njia ilikuwa ndefu, na aliyeshika reli alikuwa ameshika koo la kampuni. Kwa sababu hizo wakuu wa Union Minière waligeuza macho kuelekea mito. Hawakufanya hivyo kwa kuihurumia anga. Walikuwa wakipiga hesabu ya gharama. Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira lilianza kutoa umeme, na maji yake yakalifunika bonde pana ambalo leo ni ziwa Tshangalele. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia likafuata Koni, chini kidogo ya Mwadingusha. Kisha katika miaka ya 1950 kampuni ikauzuia mto Lualaba wenyewe, kaskazini mwa Kolwezi: kwanza Nzilo, lililoitwa Delcommune, halafu Nseke, lililoitwa Le Marinel. Nseke pekee lina uwezo wa megawati 248, na kwa muda mrefu halikuwa na mwenzake katika Katanga.

Kwa nini mgodi utake umeme mwingi kiasi hicho? Hapa tuwaombe uvumilivu kidogo, kwa kuwa bila kuelewa jambo hili mengine yote yatabaki maneno matupu. Mawe ya shaba husagwa, kisha huloweshwa katika asidi hadi shaba iyeyuke na kuingia katika maji. Maji hayo hutiwa katika mabirika, na umeme hupitishwa ndani yake mchana na usiku. Shaba huondoka katika maji, chembe kwa chembe, na kujibandika juu ya bamba. Ndivyo kiwanda cha Shituru kule Likasi kilivyofanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1920, na ndivyo kiwanda cha Luilu hapa Kolwezi kilivyofanya tangu 1960. Kazi hiyo ya mabirika peke yake hula takriban kilowati-saa 2,000 kwa kila tani ya shaba. Sasa chukueni taa moja ya wati 10 na iwake saa tano kila usiku. Kwa mwaka mzima itakula kilowati-saa 18 na ushei. Tani moja ya shaba, basi, imekunywa umeme ambao ungeangazia vyumba zaidi ya 100 kwa mwaka mmoja. Mtakapoona lori limebeba mabamba ya shaba kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, fanyeni hesabu hiyo kichwani.

Umeme ulikuwa mwingi hata ukauzwa nje. Katika miaka hiyohiyo ya 1950, kabla bwawa la Kariba halijakamilika, waya ulivutwa kutoka Katanga hadi migodi ya Kitwe katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Waya ulivuka mpaka wa makoloni mawili ili kufika mgodini. Kwenda kijijini, mwendo wa saa chache tu kutoka bwawa, haikuonekana kuwa kuna haja. Hatusemi kwamba wahandisi wa zamani walikuwa watu wabaya. Tunasema kwamba mtandao ule ulichorwa na kampuni ya madini kwa ajili ya madini, na michoro yake ndiyo tuliyorithi.

Uhuru ulikuja, ukafuatwa na kujitenga kwa Katanga kati ya 1960 na 1963. Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ikawa mali ya taifa, na kampuni iliyozaliwa humo tumeizoea kwa jina la Gécamines. Hapo ingewezekana kuuchora mtandao upya. Badala yake Mobutu aliamua kujenga waya kutoka Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi: kilomita zipatazo 1,700, ambao ulipokamilika mwaka 1982 ulikuwa mrefu kuliko nyaya zote za aina yake duniani. Ujenzi ulianza mwaka 1973, shaba ikiwa na bei nzuri sokoni. Mwaka uliofuata bei ikaanza kuporomoka, lakini mikopo ilikuwa imekwisha kutiwa saini.

Wengi walioichunguza kazi hiyo wamesema kwamba Katanga (wakati huo iliitwa Shaba) ingeweza kupata umeme kwa bei nafuu zaidi kwa kuongeza mabwawa juu ya Lualaba yenyewe. Lakini jimbo lililowahi kujitenga lingekuwa na taa yake mkononi mwake. Waya wa Inga uliiweka swichi mikononi mwa Kinshasa. Sisi tunaona maelezo hayo yana uzito, ingawa Gécamines nayo ilikuwa na mipango mikubwa ya kupanua uzalishaji, na mipango ile haikuwa hadaa mwanzo hadi mwisho.

Lipo jambo la kiufundi ambalo watu wengi hawalijui. Umeme wa waya ule si wa aina inayoingia majumbani. Ni umeme mnyoofu, wa volti laki tano, unaosafiri vizuri katika masafa marefu lakini hauwezi kuchotwa njiani. Ili kijiji kiuchote ni lazima kijengewe kituo kikubwa cha kuugeuza, na gharama yake hakuna kijiji kinachoiweza. Kituo cha namna hiyo kipo Inga mwanzoni, na kingine kipo hapa Kolwezi mwishoni. Katikati, katika Bandundu na Kasai, mamilioni ya watu wameishi chini ya waya huo kama watu wenye kiu wanaolala kando ya bomba lililofungwa. Baadaye, maisha yalipokuwa magumu, vyuma vya minara vilianza kung'olewa na kugeuzwa majembe, masufuria na vitanda. Serikali iliuita wizi, na kwa sheria ni wizi. Lakini fikirini: ndiyo faida pekee ambayo watu wale waliwahi kuipata kutoka waya ule.

Miaka ya 1990 hatuna haja ya kuisimulia kwa urefu. Wazazi wenu wanaijua kwa matumbo yao. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto, ule wa chini ya ardhi, iliporomoka, na miaka michache baadaye kampuni haikufikisha hata sehemu ya kumi ya kiwango cha 1986. Mishahara ilikatika. Watu walirudi kwenye vitu viwili vilivyobaki: ardhi ya kuchimba kwa mikono, na miti ya kuchoma makala. Ndipo msitu wa miombo ulipoanza kusogea mbali na miji yetu, hatua kwa hatua, hata leo mwenye baiskeli ya makala hutembea mwendo ambao baba yake angeuona wazimu.

Sasa tufike mahali ambapo historia hii inagusa ahadi ya mwaka 2021. Sehemu kubwa kabisa ya hewa chafu ambayo Kongo huhesabiwa inatokana na misitu na ardhi: ukataji wa miti, mashamba ya kuhamahama, makala. Migodi, kwa upande wake, hujisifu kwa wanunuzi wa Ulaya na Asia kwamba shaba yake ina kaboni kidogo, na ni kweli, kwa kuwa mabirika yake hupata umeme wa maji. Mnaona matokeo yake? Katika daftari la dunia, kiwanda kinaandikwa upande wa suluhisho, na mama anayepika bugali kwa makala anaandikwa upande wa tatizo. Lakini huyo mama anapika kwa makala kwa sababu umeme wa mto wake ulipelekwa kiwandani. Ni waya mmoja uliowaandika wote wawili, na daftari halina safu ya kulionyesha hilo.

Vilevile tusidanganyike na sifa ya kwamba Mkongo huchafua anga kidogo kuliko karibu watu wote duniani. Ni kweli, ukiiweka kando hewa ya misitu na ardhi. Lakini sehemu kubwa ya sababu ni kwamba kati ya Wakongo watano ni takriban mmoja tu mwenye umeme. Umaskini nao una kaboni chache.

Na hali ya leo? Kampuni mpya zimekuja, uzalishaji umeipita mbali ile 1986, na umeme hautoshi. Mwadingusha lilikarabatiwa na kurejea kazini mwaka 2021 kwa fedha zilizotangulizwa na kampuni ya Kamoa, ambayo imegharamia pia mashine moja ya Inga II. Deni hilo hulipwa kupitia ankara za umeme wake yenyewe. Sicomines imejenga bwawa la Busanga juu ya Lualaba, megawati 240. Kazi nzuri, hatukatai. Lakini tazameni mchoro: mwenye fedha za kujenga ndiye anayenywa kwanza, kama mwaka 1930. Upungufu uliobaki migodi huuziba kwa jenereta za mazutu na kwa umeme ununuliwao kusini, ambako Zambia, tuliyokuwa tukiiuzia, ilikumbwa na ukame mkali mwaka 2024 hata Kariba likakosa maji. Mkataba ambao Kongo na Zambia zilitia saini Aprili 2022, wa kutengeneza vifaa vya betri hapa kwetu badala ya kuuza mawe, utasimama au kuanguka kwa swali hilohilo la umeme.

Kuhusu kobalti yenyewe mmekwisha kusikia mengi, na baadhi yenu mna ndugu kreseri. Mnaijua Kasulo, ambako mwaka 2014 madini yaligunduliwa chini ya nyumba za watu na mtaa ukageuka mashimo. Mnaijua Juni 2019 pale KOV, ambako ardhi iliwafukia wachimbaji wa mikono zaidi ya 40. Mwaka 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje kuanzia Februari, na kuanzia Oktoba ikaweka viwango: tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Hatua hiyo ni ya bei. Inaweza kuleta fedha zaidi. Haisemi fedha hizo ziende wapi.

Sheria inayosema hilo ni Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018. Mrabaha unaolipwa na migodi hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au uchifu ambao mgodi uko ndani yake, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, yaani ninyi na watoto wenu. Mbali na hayo, kila kampuni inayochimba hutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na hutia saini pamoja na wawakilishi wa jamii hizo hati ya majukumu: shule ngapi, visima vingapi, barabara ipi.

Vikundi vya vijana vya parokia zetu vinao wasomaji wa Kifaransa na wajuao hesabu. Chagueni watatu wanne, waende wakaombe kuisoma hati ya mgodi ulio karibu na parokia yenu. Shule na visima watavikuta. Watafute na maneno mengine mawili: nguzo na transfoma. Kisha waandike yametajwa mara ngapi, na kwa mtaa upi.