Hodi kwa Jina la Kukodi

Simu ya mezani ya Marekani hulia kwa sekunde mbili, kisha hunyamaza kwa sekunde nne kabla ya kulia tena. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni za simu ziliutumia ukimya ule wa kwanza kupenyeza namba ya mpigaji kwa mvumo mfupi wa data, biti 1,200 kwa sekunde, na mwenye nyumba akaweza kuisoma kwenye kiskrini kidogo kabla hajapokea. Lilikuwa jambo kubwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja simu ilikuwa imempa mgeni njia ya kufika sebuleni bila kupiga hodi: kengele inalia, unapokea, ndipo unajua ni nani. Sasa mtu aliweza kuuliza "nani?" mlango ukiwa bado umefungwa, na kujibiwa. Leo jibu hilo limeharibika kiasi kwamba watu wengi hawapokei kabisa namba wasiyoijua, na lawama zote hutupiwa matapeli na programu zao za kughushi namba. Naona lawama hizo zinaanzia katikati ya kisa. Kabla ya namba kughushiwa kulikuwa na jina lililokodishwa, na waliolikodisha walikuwa mashirika ya hisani, kwa ruhusa ya sheria.

Kujua ruhusa hiyo ilivyopatikana, inabidi turudi mlangoni. Mwaka 1943, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha kanuni ya mji wa Struthers, Ohio, iliyokataza watu kugonga milango ili kugawa vipeperushi. Majaji walisema mji hauna haki ya kuufunga mlango kwa niaba ya wakazi. Mwenye nyumba ndiye wa kuamua amkaribishe nani. Miaka 37 baadaye mahakama hiyohiyo ikaja kwenye fedha. Kijiji cha Schaumburg, Illinois, kilitaka shirika linalochangisha nyumba kwa nyumba lithibitishe kwamba angalau asilimia 75 ya makusanyo yake inakwenda kwenye kazi ya hisani. Kanuni hiyo ilianguka mwaka 1980. Mwaka 1984 ikaanguka sheria ya Maryland iliyoweka ukomo wa asilimia 25 kwa gharama za kuchangisha. Mwaka 1988, katika kesi ya Riley, ikafuata ya North Carolina, iliyomtaka mchangishaji wa kulipwa amweleze mtu, kabla ya kumwomba chochote, ni sehemu gani ya makusanyo ya miezi 12 iliyopita iliyoyafikia kweli mashirika. Kuomba mchango, kwa maoni ya majaji, hakutenganishwi na kusema, na uhuru wa kusema haupimwi kwa asilimia.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Shirika changa, au linalotetea jambo lisilopendwa, hutumia fedha nyingi kumpata mchangiaji wake wa kwanza. Mara nyingine simu yenyewe ndiyo kazi, kwa sababu anayepigiwa anaelezwa tatizo ambalo hakulijua. Gharama kubwa peke yake haimtambulishi mwizi, na hapo nakubaliana na mahakama. Lakini sheria ya mlangoni ilitegemea kitu ambacho haikukitaja: mwenye nyumba anamwona aliyesimama barazani. Anaona nguo zake, anaona daftari lake la stakabadhi, anamuuliza ametoka wapi na kumtazama usoni anapojibu. Hoja ilipohamishwa kutoka mlangoni kwenda kwenye waya, haki ya kugonga ilihama nzima nzima, ila macho ya mwenye nyumba yaliachwa nyuma.

Tazama yaliyotokea Illinois. Kati ya mwaka 1987 na 1995, wachangishaji wa kulipwa walikusanya takriban dola milioni 7.1 kwa simu, kwa jina la VietNow, shirika la maveterani wa vita vya Vietnam. Mkataba uliwapa senti 85 za kila dola. Shirika likapata kama dola milioni 1.1. Mchangiaji mmoja alieleza kwa kiapo kwamba aliambiwa asilimia 90 au zaidi inakwenda kwa maveterani. Kesi ilipofikia Mahakama ya Juu mwaka 2003, majaji wote tisa walikubaliana: ukubwa wa ujira si ulaghai, lakini kumdanganya mtu kuhusu hela yake inakokwenda ni ulaghai, na jimbo lina haki ya kushtaki. Ulikuwa uamuzi mzuri. Ila ulikuja miaka minane baada ya fedha kuondoka, na ulihusu maneno yaliyotamkwa tu. Kuhusu jina ambalo maneno hayo yalitamkwa chini yake, haukugusa kitu.

Bunge nalo lilikuwa likijenga ukuta dhidi ya simu za wauzaji na kuacha pengo upande wa hisani. Sheria ya mwaka 1991 ilipoeleza simu za ushawishi ni zipi, ilizitoa zile za mashirika yasiyo ya faida. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, hofu ya michango ya uongo ililifanya Bunge liiagize Tume ya Shirikisho ya Biashara iwabane na wachangishaji wa kulipwa: walitaje shirika wanaloliombea, na waseme mapema kwamba wanaomba mchango. Mwaka 2003 ikafunguliwa orodha ya taifa ya wasiotaka kupigiwa. Simu za hisani hazikuwamo. Aliyechoshwa nazo ilimbidi aiambie kila kampuni kwa kinywa chake isimpigie tena kwa ajili ya shirika lile, na kesho yake apigiwe kwa ajili ya shirika jingine.

Katika kanuni za tume hiyohiyo kuna kipengele ninachokiona kuwa kiini cha kisa chote. Kuanzia Januari 2004, kampuni zinazopiga simu za mauzo na michango zilitakiwa kutuma namba zao, na majina yao pale mtandao unapoweza. Lakini mchangishaji wa kulipwa aliruhusiwa kuonyesha jina la shirika la hisani na namba yake ya huduma badala ya jina na namba ya kampuni inayopiga. Sababu ilitolewa kwa nia njema: mchangiaji akitaka kuuliza jambo, awapate wenye kazi. Sasa fikiria jina hilo linavyomfikia. Katika mitandao ya Marekani jina halisafiri na simu; kampuni ya simu ya anayepigiwa hulitafuta kwenye hifadhidata, nalo haliruhusiwi kuzidi herufi 15. Maneno POLICE OFFICERS, ukihesabu na nafasi iliyo katikati, yanazijaza zote. Bibi aliye peke yake nyumbani akisoma hivyo hana pa kuona kama ni polisi wa mtaa wake, chama chao cha wafanyakazi, au ukumbi wa kampuni iliyo majimbo matatu mbali naye. Ameuliza "nani?" na amejibiwa kwa jina la asiyepiga.

Kughushi kwenyewe kulikuja kirahisi kwa sababu namba ya mpigaji haikuwahi kuthibitishwa na mtu. Ilitungwa upande wa anayepiga, na kila mtambo uliofuata uliiamini. Imani hiyo ilitosha wakati wenye uwezo wa kuibadilisha walikuwa ofisi chache zenye laini za kidijitali. Simu zilipohamia kwenye intaneti, mwenye kompyuta na programu ya bure aliweza kuandika namba aitakayo, na wengi waliandika yenye tarakimu za mwanzo sawa na za anayepigiwa ili waonekane majirani. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2010 ilikataza jambo hilo pale tu linapofanywa kwa nia ya kulaghai, kudhuru au kujipatia kitu isivyo haki. Wapo wanaosema sheria ilipaswa kukataza kila namba isiyo ya kweli. Hapo wanakosea: makazi ya wanawake waliokimbia vipigo yana sababu ya kutoionyesha namba yao, na daktari anayempigia mgonjwa kwa simu ya mkononi ana haki ya kuonyesha namba ya zahanati. Lakini kujifunika uso ni jambo moja, kuvaa uso wa mwingine ni jambo la pili. Daktari anaonyesha zahanati anayoitumikia kweli. Kampuni inayobaki na senti 85 inaonyesha mtu inayemtumia.

Ukubwa wa jambo ulionekana Machi 2021, tume ile na majimbo 38 yalipotangaza kuusimamisha mtandao wa kampuni zilizokuwa zimepiga simu bilioni 1.3 kwa watu milioni 67 na kukusanya zaidi ya dola milioni 110. Mara nyingine kampuni zilibaki na senti 90 za kila dola. Namba zaidi ya 500 zilipigiwa mara 5,000 au zaidi kila moja. Aliyepokea hakuongea na mtu hasa: kibarua alikaa mbele ya kompyuta akibonyeza vitufe, na kila kitufe kikacheza kipande cha sauti kilichorekodiwa, salamu, kicheko, shukrani. Kuhusu sauti hizo watumishi wa tume walikuwa wametamka tangu 2016 kwamba ni sawa na simu za mashine. Majina yaliyotajwa yalikuwa ya maveterani, watoto, zimamoto na wagonjwa wa saratani ya matiti.

Wapo watakaosema teknolojia imekwisha kulimaliza tatizo. Kufikia Juni 30, 2021, kampuni kubwa za simu za Marekani zilitakiwa kuzitia namba sahihi ya kidijitali inayothibitisha kwamba mpigaji ana haki ya kuitumia namba ile. Ni hatua ya maana dhidi ya matapeli, lakini inathibitisha namba tu. Msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo marefu hapa: laini zilisajiliwa kwa alama za vidole, na bado ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" uliendelea kuingia. Kampuni ya kukodiwa inayotumia namba iliyopewa kihalali itatiwa sahihi ya daraja la juu kabisa, nalo jina la hisani litaendelea kuonekana kwenye skrini.

Inadaiwa pia kwamba kuilazimisha kampuni ionyeshe jina lake ni kuingilia uhuru uleule uliolindwa mwaka 1988. Hukumu ya Riley haisemi hivyo. Katika tanbihi moja majaji waliandika kwamba hawalizuii jimbo kumtaka mchangishaji ajitambulishe waziwazi kuwa analipwa kwa kazi hiyo. Majimbo kadhaa yanadai hilo lisemwe kwa mdomo, mtu akiwa ameshapokea na ameshaombwa. Namba ya huduma ya shirika inaweza kutajwa kwa mdomo vilevile, kwa yeyote atakayeitaka, na zile herufi 15 zikaachiwa jina la anayepiga.