Mwanasaikolojia wa Shule: Kazi Yake, Mipaka Yake na Haki ya Mzazi Kuuliza

Mtoto aliyekuwa akishika nafasi za mbele darasani anapoanza kuvuta mkia, watu huwa na majibu matatu ya haraka: amekuwa mvivu, amepata marafiki wabaya, au amechezewa. Huenda moja kati ya hayo likawa kweli. Shida ni kwamba hutolewa kabla ya mtoto mwenyewe kuulizwa. Kazi ya mwanasaikolojia wa shule huanzia hapo: kutafuta sababu kwanza, hukumu baadaye.

Taaluma hii ilianza hivyo hivyo. Mwaka 1896, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, mwanasaikolojia Lightner Witmer aliletewa na mwalimu mmoja mvulana wa miaka 14 aliyeshindwa kuandika tahajia sahihi ilhali hakuwa mjinga. Witmer alipomchunguza alikuta macho yake yana kasoro. Mvulana akapatiwa miwani, kisha akafundishwa kusoma kwa subira. Mwaka huo huo Witmer alifungua kliniki ya kuwasaidia watoto wa namna hiyo.

Anafanya nini hasa?

Kwanza, husikiliza. Mwanafunzi hukaa naye faraghani, akaeleza yanayomsibu: msiba, wazazi kuachana, kuonewa na wenzake, hofu ya mtihani, muguka au dawa za kulevya, au mtu mzima anayemtomasa.

Pili, huchunguza namna mtoto anavyojifunza. Wako watoto wenye akili nzuri ambao herufi huwachanganya, na wako wasioweza kutulia hata dakika kumi. Akishuku jambo hilo, humwelekeza mzazi kwenye kituo cha serikali cha kutathmini mahitaji ya kielimu ya watoto. Vituo hivi vilianza kuanzishwa nchini miaka ya 1980.

Tatu, hutoa rufaa. Mwanasaikolojia si daktari na haandiki dawa. Mtoto anayeanguka na kutetemeka huenda ana kifafa, na pahali pake ni hospitali. Anayezungumzia kujiua ahitaji kuonwa siku hiyo hiyo, si baada ya mtihani.

Nne, huwashauri wakubwa. Humweleza mwalimu kwa nini kumkejeli mtoto mbele ya wenzake kunamzidishia ububu, na humsaidia mzazi kujua la kusema nyumbani. Msichana aliyejifungua anapotaka kurudi masomoni, jambo ambalo mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unaliruhusu, yeye humtayarisha na kulitayarisha darasa limpokee bila masimango.

Siri ni amana

Chombo kikuu cha kazi hii ni siri. Mtoto akijua kuwa alichosema jana leo kinazungumzwa katika chumba cha walimu, hatasema tena, na wenzake pia hawatasema. Hata hivyo siri hii ina mpaka, na mshauri mwema huutaja tangu kikao cha kwanza: mtoto akiwa katika hatari ya kujidhuru, ya kumdhuru mwingine, au akiwa anadhulumiwa, lazima wenye uwezo wa kumlinda waambiwe. Mtoto anayenajisiwa hafichiwi siri ili kulinda jina la ukoo. Hilo ni kosa la jinai, halimalizwi kwa kikao cha wazee.

Hali ilivyo nchini

Wazo hili si geni Kenya. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza huduma za ushauri shuleni. Mwaka 2001, wanafunzi 67 waliteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa makusudi. Mwaka huo huo viboko vilipigwa marufuku shuleni, na jopo la Wangai lililochunguza fujo za wanafunzi likahimiza ushauri nasaha uimarishwe.

Kiboko kikaondolewa kisheria, lakini ni nani aliyeletwa mahali pake? Katika shule nyingi za umma hakuna mwanasaikolojia. Yuko mwalimu aliyeteuliwa kuongoza idara ya ushauri, naye ana vipindi vyake vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha. Wengi wao hujitolea kwa moyo safi. Lakini pengine mwalimu huyo ndiye pia anayesimamia nidhamu. Anayeadhibu asubuhi ndiye wa kuambiwa siri jioni. Ni mtoto gani atamfungulia moyo? Kwa kulinganisha, chama cha kitaifa cha wanasaikolojia wa shule nchini Marekani hupendekeza mtaalamu mmoja kwa kila wanafunzi 500.

Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka wenye kazi hii wasajiliwe na wawe na leseni. Kwa hivyo mzazi anayeelekezwa kwa mtaalamu wa kulipwa ana haki ya kuuliza usajili wake.

Na dua je?

Wapo wazazi wanaohisi kumpeleka mtoto kwa mwanasaikolojia ni kukiri kuwa ana wazimu, au ni kuiacha dini. Si hivyo. Kumsomea mtoto dua na kumpeleka akasikilizwe si mambo yanayogombana. Linalodhuru ni kungoja. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na aibu inayofichwa nyumbani aghalabu huja kujitokeza kwa njia mbaya zaidi.

Maswali ya kuuliza kwenye mkutano wa wazazi

Ni nani anayeshughulikia ushauri katika shule hii, na amesomea wapi? Je, ndiye huyo huyo msimamizi wa nidhamu? Kuna chumba ambacho mtoto anaweza kuzungumza bila kusikika dirishani? Amepunguziwa vipindi vya kufundisha? Shule ikikosa uwezo, hupeleka watoto wapi?

Bodi ya shule inaweza kuanza na yasiyohitaji fedha nyingi: kutenganisha ushauri na nidhamu, kutenga chumba, na kupatana na hospitali iliyo karibu juu ya rufaa. Shule mbili tatu jirani zinaweza pia kuchangia mtaalamu mmoja wa kuzizungukia kwa zamu.

Nyumbani nako, tazama mabadiliko yanayodumu: usingizi, chakula, kujitenga, hasira isiyo na sababu, kukataa kwenda shule au chuoni. Muulize mtoto kwa upole, kisha unyamaze umsikilize. Mtoto au mzazi anayehitaji msaada wa haraka anaweza kupiga simu 116, nambari ya Childline Kenya, bila malipo.